Je, Wimbo Huchafuka kwa Mahali Unapoimbiwa?



Jioni za Jumapili, likiisha somo la pili, huwa tunasimama sote na kuuimba Wimbo wa Simeoni. Wengi wetu tunaujua kwa moyo tangu utoto, wala hatuhitaji kitabu. Ni maneno ya mzee aliyengoja siku nyingi, akampokea Mtoto mikononi mwake hekaluni, kisha akamwambia Mungu kwamba sasa yu tayari kwenda zake kwa amani, maana ameona kwa macho yake alichoahidiwa. Wimbo huo tunauhesabu kuwa mali ya kanisa, kama kikombe cha Ushirika. Nani angethubutu kukitoa kikombe kile sakristia akakipeleka hotelini kunywea chai?

Swali letu la mwezi huu linatoka hapo. Je, kitu kitakatifu hupoteza utakatifu wake kikipelekwa mahali pasipo pa ibada? Na mtu afanyaye kazi mahali kama hapo, je, hujichafua mikono? Hatuulizi kwa kupenda mabishano. Zamani tulipata kulijibu swali hili kwa haraka mno, na yuko mtu aliyelipa gharama ya haraka yetu.

Mwaka 1982 tulikuwa chuoni tukisomea ualimu. Mwalimu wetu wa muziki alikuwa Mwingereza, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Jioni moja alituita sisi wanakwaya, akatia kanda katika redio kaseti yake, akatuambia tusikilize tu. Tukasikia sauti ya mtoto wa kiume, nyembamba na safi, ikipanda peke yake kama moshi wa ubani. Pembeni yake tarumbeta ilikuwa ikijibu taratibu, bila makelele ya gwaride. Maneno yalikuwa ya Kiingereza cha Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, nasi tukayatambua mara moja: ni Simeoni. Ilipokwisha hakuna aliyesema neno. Hatimaye mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, hapo ni kanisa gani?" Akatabasamu akasema, "Wimbo huu haukutungiwa kanisa. Ni mwisho wa mchezo wa televisheni, mchezo wa wapelelezi."

Tulichukia. Tuliona kama tumedanganywa. Wakati huo televisheni wengi wetu hatujaiona hata kwa macho, lakini tulijua vya kutosha kuichukia.

Tangu siku ile tumesoma habari za mtunzi wa wimbo ule, na twapenda kuwasimulia kwa ufupi, maana maisha yake yanatusaidia kulifikiri swali letu. Jina lake lilikuwa Geoffrey Burgon. Alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha Hambledon, jimbo la Hampshire, Uingereza. Alipokuwa shuleni alijifundisha mwenyewe kupiga tarumbeta ili apate kuingia katika bendi ya jazi ya wanafunzi wenzake. Baadaye alisoma katika chuo cha muziki cha Guildhall mjini London, akawa mpiga tarumbeta wa kazi, akipata riziki yake kwa kupiga muziki wa watu wengine. Alipofika umri wa miaka 30 hivi, aliuza tarumbeta zake ili ashike kazi ya kutunga tu. Wazazi mtaelewa jambo hilo lina maana gani. Ni kama fundi seremala aliyeuza randa na msumeno wake kwa sababu amesikia moyoni kwamba yampasa kuchora nyumba.

Mwaka 1976 misa yake ya wafu iliimbwa katika tamasha la kwaya tatu za makanisa makuu ya Hereford, Gloucester na Worcester, nayo ikamjulisha kwa watu. Lakini wakati huohuo alikuwa akiitungia muziki televisheni. Mwaka 1975 aliutungia mchezo wa Doctor Who, ambao watoto wa Uingereza huutazama kwa kuogopa na kufurahi. Mwaka 1979 ndipo shirika la BBC lilipoonyesha mchezo wa sehemu 7 uitwao Tinker Tailor Soldier Spy, kutoka kitabu cha John le Carré cha mwaka 1974. Mwaka 1981 aliutungia muziki mchezo wa Brideshead Revisited, habari za jamaa moja ya Kikatoliki. Mwaka 1985 Bleak House. Na kuanzia mwaka 1988 hadithi za Narnia za C. S. Lewis. Aliendelea hivyo mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2010, mwenye umri wa miaka 69.

Hebu sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi hawajui inavyofanywa. Mtunzi wa muziki wa televisheni kwa kawaida huitwa mwisho. Mwandishi amekwisha kuandika, waigizaji wamekwisha kuigiza, picha zimekwisha kukatwa na kuungwa. Ndipo mtunzi huonyeshwa kazi na kuambiwa: hapa tunahitaji sekunde 40, hapa sekunde 12, na hapa muziki uanze wakati mlango unapofunguka. Hawezi kuomba aongezewe nafasi kwa sababu wazo lake ni zuri. Mwigizaji akianza kusema, muziki hauna budi kushuka ili maneno yasikike. Na mahali pa mwisho, pale majina ya watu yanapopanda kiooni, ndipo watazamaji huinuka kwenda kuosha vyombo. Mtunzi huyo anajua kwamba wengi watamsikia wakiwa wamempa mgongo.

Basi, Burgon alipewa mahali hapo pa migongo, naye akaweka hapo Wimbo wa Simeoni. Aliyeuimba alikuwa Paul Phoenix, mtoto wa kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Na kile chombo alichokuwa amekiuza, tarumbeta, alikipa kazi ya kumsindikiza mtoto.

Kwa nini Simeoni? Hatutaki kumsemea mtunzi, lakini mwenye kuijua hadithi ataona wimbo haukutupwa pale ovyo. Ni hadithi ya mzee mmoja, George Smiley, aliyetolewa katika kazi ya upelelezi, kisha akarudishwa kwa siri ili amtafute msaliti aliye miongoni mwa wakubwa wenzake. Ni mtumishi mzee ambaye bado hajapewa ruhusa ya kwenda kwa amani. Kila wiki, baada ya uongo na hila za watu wazima kwisha, mtoto akaimba maneno ya mzee aliyeona kweli kwa macho yake. Tunakiri kwamba tumehudhuria ibada nyingi ambazo wimbo huo uliimbwa bila mtu yeyote kufikiri hata robo ya hayo.

Watu walioinuka kwenda kuosha vyombo wakasimama wakasikiliza. Santuri ya wimbo ule ikanunuliwa na wengi, ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Wimbo wa Mariamu nao ameutunga, uwe mwenzi wa ule wa Simeoni, na hii miwili huimbwa katika Sala ya Jioni makanisani. Yaani kikombe tulichodhani kimepelekwa hotelini kilirudi altareni, na watu wengine wamekifuata.

Wala jambo hili si geni. Johann Sebastian Bach, ambaye wapiga vinanda wote humheshimu, alipotunga Oratorio yake ya Krismasi mwaka 1734, nyimbo kadhaa kubwa za humo alizichukua katika muziki alioutunga mwaka 1733 kwa sherehe za kuzaliwa za watu wa nyumba ya kifalme ya Saxony. Sauti zilizomsifu malkia zikageuzwa kumsifu Mtoto wa Bethlehemu. Leo hakuna askofu anayezifukuza.

Sasa inatupasa kusema habari ya haraka yetu.

Katika shule tuliyofundisha alikuwako kijana mmoja mwenye sikio la ajabu. Tulimfundisha kinanda jioni baada ya masomo, naye kabla ya miaka miwili akatupita. Alikua, akawa mpiga kinanda wa mtaa tuliokuwa tukisali wakati ule. Huo ni mtaa mwingine, wala hatutautaja. Mwaka 1999 kijana akapata kazi Dar es Salaam, ya kutunga muziki wa michezo ya televisheni. Alikuwa akirudi nyumbani kwa sikukuu, na kila aliporudi alikaa kwenye kinanda, na kwaya ikaimba kwa nguvu mpya.

Siku moja katika halmashauri ya mtaa mzee mmoja akasimama, akasema amesikia kwamba mchezo ambao kijana yule ameutungia muziki una watu wanaolewa baa na mume anayemkosea mkewe. Akasema mkono unaopigia baa hauwezi kupigia altare. Maneno yale yalikuwa na mdundo mzuri, na watu wengi wakatikisa vichwa. Ikaamuliwa kwamba asikiguse kinanda mpaka aache kazi ile. Sisi ndio tuliokuwa katibu. Barua ile tuliiandika sisi, kwa mwandiko wetu mzuri wa ubaoni, bila kosa hata moja la herufi.

Yafaa mjue jambo moja. Katika wote tuliokaa pale, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameutazama mchezo ule. Hakuna aliyeusikia muziki wenyewe. Na hakuna aliyemwita kijana akamwuliza.

Kijana hakujibu barua. Alikuja siku ya Krismasi, akaketi kiti cha nyuma pamoja na mama yake, akaondoka kabla ya baraka.

Ilipita miaka mingi kabla hatujauona mchezo ule, kwa kukodi kanda dukani. Ni kweli, mna baa ndani yake, na mume mlevi. Lakini tulishangaa. Pale baa kijana hakuweka muziki hata kidogo. Zinasikika chupa tu na vicheko vya watu. Muziki unaanza mahali pengine kabisa, jikoni, ambapo mke anafunika sahani ya chakula cha mume asiyekuja, anapunguza utambi wa taa, anakaa. Ni kinanda peke yake, kwa muda usiozidi dakika moja. Mtu yeyote aliyewahi kukawia kurudi nyumbani angeusikia muziki ule kama anaitwa jina lake. Tulikaa mbele ya kioo kile tukiwa na aibu kubwa. Mwanafunzi wetu alikuwa amehubiri, na sisi tulimfungia mlango.

Basi, tukilirudia swali letu, tuseme nini? Tumefikia mambo matatu, nasi tunayaweka mbele yenu myapime.

Kwanza, mahali peke yake hapachafui kazi. Kama mahali pangechafua, daktari asingeweza kuingia nyumba ya ugonjwa, wala mwalimu asingeweza kufundisha mtoto wa mwizi. Bwana wetu mwenyewe alikula mezani kwa watoza ushuru, na walionung'unika walikuwa watu wa dini. Wanaotazama televisheni jioni ni wengi kuliko wanaokuja katika Sala ya Jioni. Mtu akiwapelekea hao neno la kweli kwa sekunde 40, tusimwulize kwa nini hakungoja waje kwetu.

Pili, kazi ya kumtumikia mwingine si kazi ndogo. Mtunzi wa televisheni hunyenyekea chini ya maneno ya mwigizaji, akakubali kukatwa, akakubali kusikilizwa kwa sikio moja. Kati yetu wako wanaofanya kazi za namna hiyo: anayefagia kanisa Jumamosi, anayefua kanzu za altare, mwalimu wa darasa la kwanza ambaye hakuna atakayemkumbuka siku mtoto atakapopata shahada. Swali la kuwauliza ni kama wanaifanya kazi kwa moyo mzima hata pale wasipotazamwa. Burgon angeweza kujaza nafasi ile ya mwisho kwa muziki wowote. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alipaheshimu mahali ambapo wengine wamepapa mgongo.

Tatu, na hapa ndipo pagumu, isidhaniwe kwamba tunasema mtunzi ni kama bomba la maji, lisilo na dhambi kwa yale yanayopita ndani yake. Katika mwaka uleule wa 1979, Burgon huyohuyo aliutungia muziki mchezo mwingine, filamu ya kuchekesha iitwayo Life of Brian, habari za mtu aliyezaliwa karibu na zizi la Bethlehemu akadhaniwa kuwa Masihi. Wakristo wengi waliiona kuwa ni kufuru. Katika nchi kama Norway na Ireland ilipigwa marufuku wakati huo. Tungeweza kulificha jambo hili ili hoja yetu iende sawasawa, lakini mwalimu hafundishi hesabu kwa kufuta tarakimu zinazomsumbua. Mkono mmoja, mwaka mmoja: Simeoni na Brian.

Je, Brian alimchafua Simeoni? Tumelifikiri sana, na jibu letu ni hapana. Wimbo wa Simeoni ulikuwa wa kweli ulipotungwa, na ungali wa kweli. Mtoto anayeuimba leo katika kanisa kuu haimbi kwa kosa. Lakini vilevile hatusemi kwamba kwa sababu mtu ametunga Simeoni, basi kila alichotunga kina baraka. Kila kazi itapimwa yenyewe. Kipimo kisiwe jengo ilimofanyika. Kipimo kiwe kama inasema kweli au inasema uongo. Kama inamfanya mtu amwone jirani yake, au inamfundisha kumdharau. Muziki unaotumiwa kumfanya mnyonge apende kitu kinachomwangamiza ni muziki wa uongo, hata ukipigwa kwa kinanda cha kanisa. Na wako watunzi ambao siku moja watapaswa kulijibia hilo, kama sisi tutakavyojibia barua zetu.

Wako watakaosema: basi kila mtu atajipimia mwenyewe, na nidhamu ya kanisa itakwisha. Sivyo. Wazee wana haki ya kumwuliza mpiga kinanda anafanya kazi gani, na wana haki ya kumwonya. Lakini kuuliza ndiko kunakotangulia. Tulipokuwa darasani hatukupata kumpa mtoto sifuri bila kulifungua daftari lake. Iweje katika kanisa tuhukumu daftari ambalo hatujalifungua, kwa sababu tu tumesikia limewekwa juu ya meza gani?

Miaka miwili iliyopita, baada ya kustaafu, tulimwandikia kijana yule barua nyingine. Sasa naye si kijana. Ana watoto wakubwa. Tulimweleza kwamba barua ya kwanza tuliiandika sisi, na kwamba tumeuona mchezo wake, tukamtajia ile sahani iliyofunikwa. Akajibu kwa mistari michache: "Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeipata. Mwandiko wa ile ya kwanza niliujua siku ileile, maana ndio ulionifundisha kuandika. Nilikwisha kusamehe zamani. Ila kinanda cha pale sitakigusa tena."

Hatuna la kuongeza juu ya maneno hayo. Msamaha tumepewa, lakini kwaya ile ilikaa miaka mingi bila mpiga kinanda, na watoto waliokua katika miaka hiyo hawakupata mtu wa kuwafundisha. Hasara hiyo haikurudishwa na msamaha.

Tumezeeka, na Wimbo wa Simeoni sasa tunauimba kwa sikio jingine. Zamani tulidhani ni wimbo wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Siku hizi tunaona kwamba mzee yule hakusifu kazi yake hata kidogo. Alisema tu kwamba ameona, na alichokiona kilikuwa mikononi mwa watu maskini waliokuja na makinda ya njiwa, watu ambao mlinzi wa mlango angeweza kuwapita bila kuwatazama. Simeoni aliwatazama. Jumapili ijayo, ndugu wasomaji, tutakaposimama baada ya somo la pili, tumwombe Mungu atupe macho ya mzee yule. Na kama yuko kijana katika mtaa wetu huu ambaye kazi yake tumeisikia kwa midomo ya watu tu, basi baada ya ibada tumfuate nje, tumsalimu, tumwulize mwenyewe.

Ni sisi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu